Bluetooth itaziua hedifoni za waya? Ninayoyaona kwenye meza ya ufundi simu, Makoroboi, Mwanza

#1 Mtoa mada, Makoroboi

Wakuu, habari za jioni.

Jana mchana kijana mmoja anayetembeza bidhaa alisimama mezani kwangu, akaangalia boksi la hedifoni za waya nililokuwa nafungua, akaniambia: "Fundi, hizo usilete tena. Zimekwisha." Yeye anauza za Bluetooth peke yake, kuanzia Mlango Mmoja mpaka Igoma, na mzigo unaisha kabla ya jua kuzama. Nimelala na neno lake. Nina miaka 11 kwenye meza hii, na usiku nikajikuta nakumbuka droo yangu ya chini, ile ninayoweka vifaa vya wateja vilivyonishinda. Karibu vyote humo ni vya Bluetooth.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: Bluetooth siipingi. Ninaiuza, na mke wangu anayo. Ninachokataa ni hili neno kwamba za waya zimekwisha, kwa sababu wanaolisema hawajakaa upande wangu wa meza wakaona kila moja inakufa kwa ugonjwa gani.

Hedifoni ya waya ina magonjwa mawili makubwa. Inakatika shingoni, pale waya unapoingia kwenye pini, au inakatika pale unapogawanyika kwenda masikio mawili. Basi. Mteja anakwambia "upande mmoja hauimbi mpaka niukunje", na hapo umeshajua pa kukata. Unakata vidole vinne kutoka kwenye pini, unavua ganda, ndani unakuta nyuzi nyembamba kama nywele. Mara nyingi nyekundu ni sikio la kulia, kijani au bluu la kushoto, na ile ya rangi ya shaba ndiyo ya pamoja. Nyuzi hizo zimepakwa vanishi, kwa hiyo usipoichoma kwanza risasi ya kulehemu haishiki, na hapo ndipo vijana wengi wanaojifunza wanapokwama wakadhani waya ni mbovu. Unalehemu pini mpya, unafunika. Dakika 15, mteja ananipa 2,000 na anaondoka anasikiliza.

Sasa njoo kwenye zile ndogo za Bluetooth, ambazo wateja wangu wanaziita zote AirPods, jina la zile za kampuni ya Apple, hata kama zimetoka kwingine. Kila sikio lina betri yake ya lithiamu, ndogo kama kifungo cha shati. Betri za aina hii zikishafikisha mizunguko kamili ya chaji kama 300 mpaka 500, uwezo wake unashuka mpaka karibu asilimia 80, halafu unaendelea kushuka. Na huu si ubovu wa kiwanda, ndivyo kemia yake ilivyo. Ukiitumia kila siku, mwaka wa pili unaanza kuona sikio la kushoto linazima dakika 40 kabla ya la kulia. Mteja ananiletea nibadilishe betri. Nitaingilia wapi? Gamba limegandishwa kwa gundi. Ukilifungua kwa nguvu linapasuka, na ukifanikiwa, betri ya saizi ile huipati hapa mjini. Wale iFixit wa Marekani, ambao kazi yao ni kufungua vifaa na kuvipa alama za kutengenezeka, walipozifungua AirPods za kwanza walizipa 0 kati ya 10. Sifuri. Sasa kama hao wenye vifaa vyote wametoa sifuri, mimi mwenye pasi moja ya kulehemu na kioo cha kukuzia nifanye nini?

Tundu lenyewe la hedifoni tunalolizika lina historia ndefu. Pini kubwa ya milimita 6.35, ile unayoiona bado kwenye magitaa na mashine za kuchanganyia sauti, ilizaliwa karne ya 19 kwenye vituo vya simu, ambako wahudumu waliunganisha watu kwa kuchomeka waya kwa mkono. Ndugu yake mdogo wa milimita 3.5 alisambaa na redio ndogo, halafu Walkman ya Sony mwaka 1979 ikampeleka kila mahali. Kuna vitu vichache sana vya umeme ambavyo cha mwaka 1979 unakichomeka kwenye simu ya leo yenye tundu na kikaimba bila kuuliza swali lolote.

Halafu Septemba 2016 Apple wakatoa iPhone 7 bila tundu, na siku hiyohiyo wakatangaza AirPods. Mkubwa wao wa masoko, Phil Schiller, alisimama jukwaani akasema ilihitaji ujasiri. Google mwaka huohuo walijisifu kwamba simu yao ina tundu, na mwaka 2017 wakaliondoa. Samsung nao waliwacheka Apple kwenye matangazo yao, mpaka simu yao ya Note 10 ya mwaka 2019 ikaja bila tundu. Sababu walizotoa zina ukweli ndani yake, kwamba nafasi ndani ya simu ni ndogo na betri inaihitaji. Lakini angalieni vizuri: kampuni iliyoziba tundu ndiyo iliyokuwa na bidhaa ya kukuuzia kesho yake. Hakuna mteja aliyewahi kuja Makoroboi akaniomba nimzibie tundu.

Kwangu mimi Bluetooth imeshinda njiani. Kwenye daladala, mazoezini, jikoni, kazi za mikono, imeshinda. Waya utabaki popote ambapo sauti haitakiwi kuchelewa, ambapo umeme ni wa kubahatisha, na ambapo mtu anataka kitu alichonunua kidumu miaka. Na sehemu hizo ziko nyingi kuliko yule kijana anavyodhani, hasa sisi tuliozungukwa na ziwa na visiwa.

Karibuni. Anayebisha abishe, ila aseme anatumia nini na anaitumia wapi.

#2 Mchangiaji, Igoma

Mkuu nimekusoma vizuri lakini unatetea meza yako. Hata mafundi wa redio kaseti walisema hivihivi. Leo kanda iko wapi? Bluetooth yenyewe iliundwa makusudi kuua nyaya. Ilianzia kwa Ericsson kule Sweden mwaka 1994, yule mhandisi Jaap Haartsen na wenzake, na lengo lilikuwa vifaa viunganike bila nyaya mezani. Wameipa jina la mfalme wa zamani wa Denmark, Harald, aliyeunganisha watu wake. Kazi yake inakamilika sasa, basi.

Halafu sauti. Za Bluetooth za sasa zina kile cha kuzima kelele. Nikipanda basi Nyegezi kwenda Dar, mngurumo wa injini unapungua kabisa. Hedifoni yako ya waya ya 3,000 inafanya hivyo?

#3 Mchangiaji, Nyegezi

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nina maswali mawili. La kwanza, nikiangalia video kwa Bluetooth mdomo na sauti vinakwenda pamoja, ila nikicheza gemu mlio wa risasi unachelewa. Kwa nini video iwe sawa gemu isiwe sawa? La pili, simu yangu haina tundu, nikanunua adapta ya Type-C ya 5,000 ili nitumie hedifoni zangu za waya. Inakataa. Kwenye simu ya mwenzangu inakubali. Nimebadilishiwa mara mbili, nyingine nazo zinakataa vilevile.

#4 Mtoa mada, Makoroboi

Marahaba mdogo wangu. Maswali yako ndiyo ninayoulizwa kila wiki, ngoja niyajibu taratibu.

Sauti ya Bluetooth haitoki moja kwa moja. Simu inaikandamiza iwe ndogo, inaikata vipandevipande, inavirusha kwa mawimbi, sikio linavipokea, linavihifadhi kidogo ili visikatike, linavifungua, ndipo unasikia. Kwa njia ya kawaida, hiyo wanayoiita SBC ambayo kila kifaa kinayo, safari hiyo inachukua kama milisekunde 150 mpaka 250. Chukua 200 halafu ugeuze kuwa umbali. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Milisekunde 200 ni sawa na mtu kupiga bunduki akiwa mita 68 kutoka kwako, zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Wakati huo kwenye skrini yuko mbele ya pua yako.

Video iko sawa kwa sababu simu inajua sauti itachelewa, kwa hiyo inaichelewesha na picha. Inaweza kufanya hivyo maana video yote ipo tayari. Gemu haiwezi. Haijui utabonyeza saa ngapi, kwa hiyo haina cha kuchelewesha. Zipo hedifoni zenye hali ya gemu inayopunguza huo muda, na zinasaidia kweli, ila hazifikii waya.

Adapta sasa. Hapa wauzaji wengi wanawaumiza wanafunzi bila kujua wenyewe. Adapta za Type-C zipo za aina mbili na kwa nje zinafanana kabisa. Moja ni nyaya tupu, inategemea simu iwe inatoa, kupitia tundu la chaji, sauti iliyokwisha kugeuzwa kutoka namba kuwa umeme wa hedifoni. Nyingine ina chipu ndani, inapokea sauti ikiwa bado namba na kuigeuza yenyewe. Simu ya mwenzako inatoa sauti iliyogeuzwa, ndiyo maana nyaya tupu zinamtosha. Yako haitoi. Hata ukibadilishiwa mara kumi ile ya nyaya tupu itakataa. Ulizia yenye chipu ya kugeuza sauti, wengine wanaiita DAC, na uijaribu hapohapo dukani kabla hujatoa hela.

Mkuu wa Igoma, nimekuona, nitakuja kwako.

#5 Mchangiaji, Mwaloni Kirumba

Kaka fundi, ninyi mnaongea kama watu wote wanakaa mezani. Mimi niko kwenye dagaa. Alfajiri mzigo ukishuka kutoka visiwani mikono yangu yote miwili iko kwenye gunia mpaka saa nne. Wateja wa Dar wananipigia saa hizohizo wanataka bei. Zamani nilikuwa na za waya, unanasa kwenye gunia, unachomoka sikioni, simu inaanguka kwenye maji ya samaki. Simu mbili zimekufa hivyo, na simu moja ni bei ya hedifoni ngapi?

Sasa naweka kimoja sikioni, simu iko mfukoni ndani ya mfuko wa plastiki, nagusa, naongea na mteja, mikono inaendelea kupima. Kikiisha chaji nakirudisha kwenye kiboksi chake naweka cha pili. Kama kitakufa mwaka wa pili, kimeshajilipa.

#6 Mtoa mada, Makoroboi

Dada yangu, sina cha kukubishia hapo, na nashukuru umelileta. Nilipoandika "kazi za mikono" nilipita haraka mno. Kwa mtu anayeongea na wateja huku anapima mzigo, hicho ni chombo cha kazi kama mizani. Na mbinu yako ya kutumia kimoja kimoja ni nzuri kuliko unavyojua, kwa sababu kila betri inafanya nusu ya kazi na inazeeka polepole.

Nikushauri moja. Maji ya samaki na chumvi ya jasho vinakula zile pini ndogo za kuchajia zilizo chini ya kila sikio. Ukiona moja "haichaji", kabla hujanunua nyingine futa zile nukta za dhahabu kwa pamba yenye spiriti kidogo, na ndani ya kiboksi pia. Nusu ya zinazoletwa kwangu kwa jina la "betri imekufa" zinapona kwa pamba.

#7 Mchangiaji, Kome

Mimi niko kambi ya dagaa. Tunaingia ziwani giza likiwa giza, mwezi ukiwa mkubwa tunapumzika. Usiku mzima majini, taa zinavuta dagaa, na kinachotuweka macho ni redio. Situmii bando. Nina simu ya batani na hedifoni ya waya, naweka kituo, taarifa ya habari, mpira, mpaka alfajiri.

Niliwahi kupewa zawadi ya hizo za Bluetooth na shemeji yangu wa mjini. Wiki ya kwanza sikio moja likadondoka nikivuta wavu, likazama. Lililobaki likawa linakatakata sauti. Nyumbani haikati, ziwani inakata. Nikadhani ni mimi. Na kuchaji kambini ni kulipia kwenye sola ya mtu, unachaji simu kwanza au hedifoni? Nikarudi kwenye waya.

#8 Mtoa mada, Makoroboi

Ndugu yangu wa Kome, umenipa raha, kwa sababu yote uliyosema yana maelezo yake na hukukosea hata moja.

Kwanza redio. Simu nyingi zenye redio ya FM zinatumia waya wa hedifoni kama antena, ndiyo maana ukiuchomoa inakwambia uchomeke. Mawimbi ya FM yako kati ya megahezi 87.5 na 108, na wimbi moja lina urefu wa kama mita 3. Waya wa mita moja na kidogo unayakamata vizuri. Kwenye kidude cha Bluetooth hakuna mahali pa kuweka waya wa urefu huo. Kwa hiyo mtu anayesikiliza Radio Free Africa inayorushwa kutoka hapahapa Mwanza, bila bando, waya wake unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Nikisikia mtu anasema waya umekwisha, ninawafikiria watu kama wewe, na mko wengi Ukerewe, Ukara, Goziba na kote huko, wala hamuingii kwenye mabishano ya mitandaoni.

Pili, kukatika. Bluetooth inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mwili wa mtu, ambao sehemu kubwa ni maji, unayameza. Simu ikiwa mfuko wa nyuma upande wa kulia na sikio lako liko kushoto, mwili wako wote uko katikati. Nyumbani huoni shida kwa sababu mawimbi yanagonga ukuta na dari yanazunguka kukufikia. Ziwani hakuna ukuta wala dari. Yanakwenda zake. Ndiyo maana nyumbani ilikuwa nzima na majini ikawa mbovu. Yeyote anayesafiri kwa boti kwenda Nansio au kwa meli kwenda Bukoba ajaribu hili: weka simu mfuko wa shati kifuani, upande uleule wa sikio unalotumia.

#9 Mchangiaji, Nyakato

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mwalimu wa kwaya, naongezea upande wa kurekodi.

Tulipokwenda kurekodi, kijana wetu wa sauti ya tatu alikuja na hedifoni zake nzuri za Bluetooth, za bei, na akaomba azitumie. Tulipoanza, kila akiimba anasikia sauti yake inamjia nyuma yake, naye anasubiri, anachelewa, anaharibu wimbo wote. Tulidhani hajafanya mazoezi. Alilia. Mtu wa studio akamvua zile, akampa ya waya iliyochakaa, sponji zimetoka, na kijana akaimba mara moja akamaliza. Najuta kwamba nilimkaripia mbele ya wenzake. Hesabu ya fundi ya mita 68 ningeijua siku ile nisingemkaripia.

Studio zote nilizoingia hapa mjini sijaona hata moja inayompa mwimbaji Bluetooth.

#10 Mtoa mada, Makoroboi

Mwalimu, asante kwa kulileta hilo hadharani. Kijana akiwepo humu asome: sikio lake liko sawa. Mwimbaji anaanza kusumbuka hata milisekunde 20 au 30 zikiingia kati, na pale zilikuwa mara nyingi zaidi ya hizo.

Sasa mkuu wa Igoma. Kuhusu kuzima kelele uko sahihi, na hedifoni ya 3,000 haiwezi. Maikrofoni ndogo inasikia mngurumo, chipu inatengeneza mngurumo wa kinyume, viwili vinauana. Lazima kuwe na umeme. Ila zipo za waya zenye kuzima kelele, na zipo kubwa za Bluetooth ambazo pembeni zina tundu la pini, ukiishiwa chaji unachomeka waya unaendelea. Hizo ndizo ninazomshauri mtu mwenye hela. Ukiniuliza hedifoni gani itadumu hapa kwetu, ni ile yenye njia zote mbili.

Kuhusu ubora, SBC inabeba mpaka kilobiti 328 za sauti kwa sekunde, na kilobiti zikiwa nyingi sauti inabaki na mengi zaidi. CD inatoa 1,411. LDAC, njia nyingine ya Bluetooth iliyotoka Sony, inafika 990, na mwaka 2020 ilitangazwa njia mpya ya LC3 ambayo inabana vizuri zaidi kwa kilobiti chache. Kwa hiyo pengo linapungua, nakiri, na kwa sikio la mtu aliye kwenye daladala halipo kabisa. Lakini jaribu hili leo: sikiliza muziki kwa Bluetooth, halafu mtu akupigie. Uligundua sauti inavyokuwa nyembamba kama ya kwenye kopo? Simu imehamia njia nyingine ya Bluetooth ya maongezi, ambayo inabeba sauti finyu kwenda na kurudi. Wateja wengi wanaorudisha mzigo wakisema "maikrofoni mbovu" wanarudisha kitu kizima.

Kuhusu kanda, mfano wako sio. Kanda ilikuwa inahifadhi muziki, na ikaja njia bora ya kuhifadhi. Waya unapitisha sauti tu, na mpaka leo hakuna kinachoipitisha haraka zaidi, kwa bei ndogo zaidi, bila kuchaji.

#11 Mchangiaji, Pasiansi

Mimi ni muuguzi. Mnabishana waya na Bluetooth, sikio lenyewe mmelisahau. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki, na kila ikipanda muda unapungua haraka sana. Vijana wanaweka juu kabisa ili kushinda kelele za barabarani. Hapo naipa Bluetooth yenye kuzima kelele pointi moja, maana inakufanya upunguze. Na hizo za bei ndogo zisizoziba sikio vizuri ndizo zinazowafanya waongeze, ziwe na waya au zisiwe nao.

Na ndugu zetu wa bodaboda, tafadhali, masikio mawili yakiwa yamezibwa pale Buzuruga hamsikii honi ya fuso. Ninawapokea ninyi.

#12 Mchangiaji, Igoma

Dada muuguzi, nimekuelewa, mimi naendesha.

Mkuu fundi, kwenye kanda nakuachia. Ila nibakize hoja moja: hilo la betri litatatuliwa. Watengenezaji wakibanwa watatengeneza zinazofunguka, na hapo hoja yako kubwa inakwisha.

#13 Mtoa mada, Makoroboi

Hapo tunakutana. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya betri mwaka 2023, na kuanzia tarehe 18 Februari 2027 vifaa vidogo vinavyouzwa huko vinatakiwa viwe na betri ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa na kuiweka nyingine, ingawa imeachiwa misamaha kadhaa. Sheria hiyo si yetu, lakini kiwanda kikishabadilisha umbo la bidhaa kwa ajili ya Ulaya, na sisi huwa tunaipata. Siku ninayoweza kufungua sikio la Bluetooth kwa bisibisi na kuagiza betri yake kama ninavyoagiza pini, nitaisafisha ile droo ya chini na nitaandika uzi mwingine. Nasema kwa moyo wote, ningependa iwe hivyo. Ninaumia kumwambia mwanafunzi aliyejinyima kula ili anunue kitu cha 60,000 kwamba hakuna dawa.

Mpaka hapo, boksi la waya nimelifungua na nimeagiza jingine.

#14 Mchangiaji, Ukerewe

Fundi, mimi mzee, mstaafu. Nina hedifoni ya waya ya simu yangu ya zamani ya batani, imara, niliitunza. Mjukuu amenipa simu kubwa yenye tundu. Nikiichomeka, ngoma nasikia, gitaa nasikia, mwimbaji simsikii, kama amekwenda mbali. Kwenye redio mtangazaji naye yuko kisimani. Hedifoni imekufa au ni simu? Nisafiri kuja huko?

#15 Mtoa mada, Makoroboi

Shikamoo mzee wangu. Vyote viwili vizima.

Pini ya hedifoni yenye maikrofoni ina vipande vinne. Cha kwanza sikio la kushoto, cha pili la kulia. Cha tatu na cha nne, kimoja ni waya wa pamoja na kingine ni maikrofoni, na hapo zamani watengenezaji walikuwa na mipangilio miwili iliyopishana. Yako ni ya mpangilio wa zamani, simu ni ya mpangilio wa sasa. Kwa hiyo waya wa pamoja unakosa mahali pake, na unachosikia ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji huwa anawekwa katikati, sawa kwa masikio yote mawili, ndiyo maana anafutika yeye, ngoma na gitaa za pembeni zinabaki.

Usisafiri kwanza. Kwenye waya wa hedifoni kuna kitufe cha kupokelea simu. Kibonyeze ukishikilie, usikiachie, halafu sikiliza.

#16 Mchangiaji, Ukerewe

Nimeshikilia. Amerudi, namsikia hadi anavyovuta pumzi.

Lakini kidole kitachoka.

#17 Mtoa mada, Makoroboi

Marekebisho yake ni kukata ile pini, kuweka mpya, na kubadilishana nyuzi mbili. Ukimpata mtu anayevuka kuja mjini mpe tu, aulize fundi wa hedifoni hapa Makoroboi, ataonyeshwa. Akiifikisha asubuhi, jioni anarudi nayo.

#18 Mchangiaji, Ukerewe

Mjukuu anavuka Jumatatu.